Uzi: Misitu ya kupandwa, Kenya na Tanzania. Nani kapanda zaidi tangu 1990?

Ngomeni_Kusi (Malindi)
Salaam aleikum wadau. Kuna mchoro unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Malindi. Mistari miwili: wa Kenya unashuka, wa Tanzania unapaa. Chini wameandika kwamba mwaka 2010 Kenya ilikuwa na hekta 197,000 za misitu ya kupandwa na Tanzania 240,000. Mwaka 2020 Kenya wameipa karibu 150,000, Tanzania zaidi ya 500,000. Chanzo wanasema ni FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Maneno ya mwisho: "Jirani kapanda mara mbili, sisi tumekata robo."

Nahitaji mchoro kama huu kwa mkutano wa chama cha jamii cha misitu. Je, niuchukue huu huu au una kasoro? Na kama una kasoro, unatengenezwa vipi ulio sawa? Naomba hatua, si maneno ya jumla.

MaalimHesabu (Lamu)
Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Namba zile ni za FAO kweli. Mchoro ndio si kweli.

Namba za 2010 zimetoka kwenye ripoti ya FAO ya misitu ya dunia iliyotolewa 2010. Zile za 2020 zimetoka kwenye toleo la 2020. Huwezi kuchukua nukta moja kutoka toleo hili na nyingine kutoka toleo lile ukaziunga kwa mstari. FAO haiendi msituni kupima. Kila nchi hujaza fomu yake kwa takwimu ilizo nazo wakati ule, na nchi ikipata kipimo kipya hurudi nyuma kusahihisha hata miaka ya zamani. Kwa hiyo mwaka 2010 una namba moja ndani ya toleo la 2010, na unaweza kuwa na nyingine kabisa ndani ya toleo la 2020. Anayeunganisha matoleo anapima kitambaa kwa wari upande mmoja na kwa mita upande wa pili, kisha anashangaa mbona kimerefuka.

Tazama hili hapa kwa Tanzania, misitu yote, si ya kupandwa tu. Toleo la 2010 lilisema Tanzania ina hekta milioni 33.4. Toleo la 2020 likasema ina milioni 45.7. Ukiunga nukta hizo mbili, Tanzania imeongeza msitu wa hekta milioni 12 ndani ya miaka 10. Lakini toleo hilo hilo la 2020 linasema Tanzania ilikuwa ikipoteza wastani wa hekta 421,000 kila mwaka kati ya 2010 na 2020, na ni miongoni mwa nchi tano zilizopoteza msitu mwingi zaidi duniani katika kipindi hicho. Kilichoongezeka katikati ni kipimo. Tanzania Bara ilifanya tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, ile inayojulikana kwa jina la NAFORMA. Watu waliingia porini na kupima viwanja vya sampuli nchi nzima, matokeo yakatoka 2015 yakiwa na hekta milioni 48.1. Makadirio ya zamani yakatupwa.

Sasa kama namba ya msitu wote iliruka hivyo, unadhani ile ya misitu ya kupandwa ilibaki pale pale?

Raskazone (Tanga)
Naongezea hapo kwa upande wa Tanzania, wakuu. Ile 240,000 ya zamani ilitegemea sana mashamba ya miti yenye rejista: ya serikali, kama Sao Hill kule Mufindi ambalo ndilo kubwa kuliko yote, na mitiki ya Longuza na Mtibwa, pamoja na ya kampuni. Lakini Njombe, Makete na Mufindi wakulima wadogo wamepanda misindano na mikaratusi vilimani kwa wingi, ekari 2 huyu, ekari 5 yule. Hakuna rejista inayoyaona mashamba hayo. Kipimo kinachokwenda uwandani huyaona. Kwa hiyo kuruka kwa namba kuna mambo mawili ndani yake: upandaji wa kweli, ambao upo na ni mkubwa, na miti iliyokuwepo tangu zamani ila haikuhesabiwa. Mchoro wa WhatsApp umeyachanganya yote ukayaita kupanda.

Na tahadhari: sampuli za aina ile hutoa namba nzuri kwa miombo, yaani misitu ya asili, kwa sababu imeenea. Misitu ya kupandwa ni kama asilimia 1 tu ya msitu wa Tanzania, tena imerundikana mikoa michache. Kitu adimu kilichorundikana hupimwa vibaya na sampuli zilizotawanywa nchi nzima, na kosa lake huwa kubwa. Usiandike namba ya sampuli hadi hekta ya mwisho kana kwamba imepimwa kwa futi kamba.

Ngomeni_Kusi
Nimewapata. Basi kwa Kenya, ile 197,000 hadi 150,000 nayo ni uongo?

MaalimHesabu
Sikusema ni uongo. Nasema haijathibitika kwa kutoa moja kwenye nyingine. Fungua ripoti ya nchi ya Kenya ya toleo la 2010 na ile ya 2020. Kila ripoti ya nchi ina sehemu inayotaja chanzo cha takwimu, mwaka wake, na jinsi aina za misitu za kitaifa zilivyogeuzwa kuwa aina za FAO. Vyanzo vikiwa tofauti, tofauti ya namba haikuambii kitu juu ya shoka.

Kenya yenyewe ina asilimia tatu zinazotembea mitaani kwa wakati mmoja, na watu hugombana bure kwa sababu yake. FAO 2020: hekta milioni 3.6, kama asilimia 6.3 ya nchi kavu. Tathmini ya taifa ya 2021: msitu asilimia 8.83. Tathmini hiyo hiyo: miti yote, pamoja na ya mashambani, asilimia 12.13. Hii ya mwisho ndiyo inayolinganishwa na Katiba ya 2010, kifungu cha 69, kinachotaka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Mwanasiasa huchagua anayoipenda. Wewe andika ni ipi.

Hatua sasa.

Kwanza, toleo MOJA tu kwa nchi zote mbili, na liwe la karibuni ulilonalo. Toleo la 2020 lina miaka 1990, 2000, 2010, 2015 na kila mwaka hadi 2020. La 2025 lina 1990, 2000, 2010, 2015, 2020 na 2025. Chukua safu nzima ya 1990 hadi mwisho kutoka humo humo.

Pili, tazama jina la safu. Matoleo ya mwanzo yalihesabu mashamba ya miti peke yake, baadaye ikaja "misitu ya kupandwa" kwa ujumla, na kuanzia 2020 imegawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mashamba ya miti yanayotunzwa sana: aina moja au mbili, umri mmoja, nafasi zilizopimwa. La pili ni misitu mingine ya kupandwa. Kwa dunia nzima mwaka 2020 mafungu yote mawili yalikuwa hekta milioni 294, na la kwanza peke yake milioni 131. Ukichukua fungu la kwanza kwa nchi moja na jumla kwa nchi ya pili, umeshaharibu kazi kabla hujachora.

Tatu, jedwali. Safuwima A mwaka, B Kenya, C Tanzania, zote kwa hekta elfu, kama zilivyo kwenye ripoti. Hapa ndipo sifuri tatu hupotea. Mtu husoma 150 akaandika hekta 150.

Nne, hesabu ya mabadiliko kwa mwaka. Usigawe tofauti kwa miaka ukaita asilimia. FAO hutumia kiwango cha kulimbikiza: namba ya mwisho gawa kwa ya mwanzo, inua kwa 1 gawa kwa idadi ya miaka, toa 1. Kwenye Excel, kama 1990 iko mstari wa 2 na 2020 iko mstari wa 10:

=(B10/B2)^(1/(A10-A2))-1

Jaribu kwa namba za mfano kwanza ili ujue fomula yako inafanya kazi. Nchi ya kwanza kutoka 100,000 hadi 150,000 kwa miaka 30: jibu 1.36%. Nchi ya pili kutoka 1,000,000 hadi 1,100,000: jibu 0.32%. Ukipata kitu kingine, mabano yako yamekaa vibaya. Tazama pia kwamba nchi yenye asilimia ndogo ndiyo iliyoongeza hekta nyingi, 100,000 dhidi ya 50,000. Kwa hiyo weka zote mbili, hekta na asilimia.

Tano, gawa kwa kitu. Eneo tupu halilinganishi nchi mbili zenye ukubwa tofauti. Nchi kavu ya Kenya ni kama hekta milioni 56.9, ya Tanzania milioni 88.6. Kwa namba za 2020:

Kwa nchi kavu: Kenya 0.26%, Tanzania zaidi ya 0.56%. Tanzania juu, mara mbili.
Kwa msitu wote: Kenya kama 4%, Tanzania kidogo zaidi ya 1%. Kenya juu, mara tatu au nne.

Mwaka ule ule, miti ile ile, na mshindi kabadilika. Hakuna iliyo uongo. Ya kwanza inajibu ardhi kiasi gani imepewa miti ya kupandwa. Ya pili inajibu nchi inategemea vipi miti ya kupandwa kuliko ya asili.

Raskazone
Na kama mchoro unasema "Tanzania" huku namba inatoka NAFORMA, kumbuka ile ni Bara tu. Zanzibar ina kipimo chake.

BiMkorosho (Malindi)
Maalim, shikamoo. Mimi swali langu ni la karibu na nyumbani. Kuanzia Gede hadi Marafa kila mtu ana mikorosho, miembe, minazi. Kando ya barabara mivinje imesimama kama askari. Je, hii yote imo ndani ya ile 150,000?

MaalimHesabu
Marahaba Bi. Sehemu kubwa haimo, na sababu si dharau.

Msitu kwa FAO ni eneo la hekta 0.5 au zaidi, miti ifike mita 5 au iwe na uwezo wa kufika mahali hapo hapo, na mwavuli wa majani ufunike zaidi ya asilimia 10. Tena isiwe ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo au mji. Mikorosho, miembe na minazi ni mazao ya miti, kwa hiyo nje, hata kama shamba ni hekta 40 na kivuli chake kinatia giza. Michikichi ya mafuta pia nje. Miti ya mpira, ajabu yake, ndani.

Mivinje ni mti wa msitu, lakini pima. Hekta 0.5 ni kama ekari moja na robo. Mkulima mwenye mivinje robo tatu ya ekari hahesabiwi. Mstari wa mivinje mpakani pia hauhesabiwi kwa sababu upana unatakiwa uzidi mita 20. Majirani watatu wakipanda mivinje bega kwa bega, kila mmoja nusu ekari, pamoja ni ekari moja na nusu, kama hekta 0.6: hapo kipande kinafika kiwango kikitazamwa kwa juu, ingawa hakuna mmoja wao aliyefika. Fasili haijali hati ya nani.

Ndiyo maana pwani yetu huonekana masikini kwenye safu hii ilhali boriti za mivinje zinatoka mashambani kila siku.

BiMkorosho
Ahsante. Na ule mtindo wa kulima mahindi na viazi katikati ya miche ya serikali kule bara?

MaalimHesabu
Umo ndani. Mazao yakilimwa miaka ya mwanzo tu ya mzunguko, kabla miti haijafunga, FAO inauhesabu kuwa msitu. Mkulima analima, anapalilia mche bure, miti ikifunga anaondoka. Ila pale ambapo kilimo ndicho kinachoendelea miaka yote na miti iko juu yake, huo si msitu.

Shela_Kaskazi (Lamu)
Kwa nini kuhangaika na fomu za serikali? Setilaiti zipo, ramani za upotevu wa miti tangu 2000 ziko wazi mtandaoni. Chora kutoka huko, nchi zote mbili kipimo kimoja.

Raskazone
Kipimo kimoja, sawa, ila cha kitu kingine, mkuu. Ramani nyingi za aina hiyo zinatazama pikseli ya mita 30 kwa 30, yaani hekta 0.09, na zinauliza swali moja: je, hapa pana miti mirefu kuliko mita 5? Haziulizi nani kapanda. Mnazi, mwembe na msindano kwake ni ndugu.

Kasoro kubwa zaidi ni uvunaji. Shamba la misindano linakatwa lote kwa mpango likifika umri, kisha linapandwa upya. Setilaiti inaandika upotevu siku linapokatwa. Kupandwa upya haikuoni hadi miche ipite urefu ule na mwavuli ukutane, na hiyo ni miaka. Kwa hiyo nchi yenye mashamba mengi yanayovunwa vizuri inang'aa nyekundu kama inaungua. Mufindi ukiitazama hivyo utadhani Iringa imekwisha.

Setilaiti itumie kukagua. Kama ripoti inasema eneo halikubadilika miaka 10 na picha zinaonyesha vipande vilivyokatwa miaka 8 iliyopita bado ni majani matupu, hapo una hoja.

MaalimHesabu
Hapo Raskazone kagusa jambo ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote, na watu hulipita mbio.

Eneo lililokatwa na kusubiri kupandwa upya linaendelea kuhesabiwa kuwa msitu. Kanuni ni kwamba litarajiwe kurudi ndani ya miaka 5. Sasa fanya hesabu. Shamba la hekta 10,000, saipresi ya mzunguko wa miaka 30. Kila mwaka unakata hekta 333 na kupanda 333. Miche ikikosekana, au fedha za palizi zikachelewa, upandaji ukabaki nyuma miaka 5, una hekta 1,667 tupu, asilimia 17 ya shamba. Kwenye ripoti shamba bado ni 10,000. Mstari umelala sawasawa kama maji ya ghuba, na chini yake sehemu ya sita haina mti.

Kinyume chake nacho kipo. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji kwenye misitu ya umma, na tangazo la kuondoa zuio likaja Julai 2023. Miaka hiyo sehemu kubwa ya saipresi na misindano iliyokomaa ilibaki imesimama. Eneo halikushuka, mtu akiangalia mchoro anasema mambo mazuri. Lakini mti uliopita umri hauongezeki sana, mingine inaoza moyo, na ardhi ambayo ingepandwa upya imeshikwa. Eneo peke yake halioni umri. Ukiweza, weka safuwima ya hekta zilizopandwa kwa mwaka na zilizovunwa kwa mwaka, hata kama ni za shamba moja tu. Hizo mbili ndizo mapigo ya moyo. Eneo ni urefu wa mgonjwa.

Raskazone
Na zuio lile halikubaki Kenya. Watu wanajenga, mbao inatakiwa. Mbao za misindano za nyanda za juu kusini ziliingia Kenya kwa wingi. Bei ikipanda Njombe, mkulima mdogo anafanya mambo mawili pamoja: anapanda zaidi, na anakata mapema, miaka 8 hadi 12, mti ambao ungefaa kungoja 18 au zaidi. Eneo linakua, shina linakonda. Kwa hiyo mistari miwili ya mchoro wako haiko huru, mmoja unauvuta mwingine. Andika hilo pembeni ya mchoro kwa herufi ndogo, litazuia ubishi nusu saa.

FundiBoriti (Lamu)
Nyote mnazungumza bara. Lamu je? Mikoko ya Kenya ni kama hekta 61,000, na zaidi ya 37,000 ziko kwetu. Vikundi vinapanda kila mwaka. Imo kwenye safu ya kupandwa?

MaalimHesabu
Sheikh, mikoko ni msitu bila ubishi, hata pale maji yanapofunika na ramani ikasema si nchi kavu. Swali ni safu ipi.

Msitu wa kupandwa ni ule ambao miti iliyopandwa itakuwa zaidi ya nusu ya ujazo wa miti ukikomaa. Kikundi kikijaza mapengo ndani ya mikoko iliyopo, na miti ya asili ndiyo mingi, eneo lote linabaki la asili. Wakipanda uwanda uliokuwa mtupu, ni wa kupandwa, lakini fungu la pili, misitu mingine ya kupandwa, kwa sababu ni wa kurudisha mazingira na ukikomaa hautofautiani na wa asili. Kwenye fungu la mashamba ya miti hauingii kamwe. Na baada ya miaka 30, kama hakuna kumbukumbu na hakuna awezaye kutofautisha, utahesabiwa wa asili. Kwa hiyo mikoko ya kupandwa ina tabia ya kuyeyuka kutoka kwenye takwimu hata ikistawi. Weka kumbukumbu: mwaka, aina, mipaka kwa GPS.

FundiBoriti
Na mara nyingi inayeyuka kweli, si kwenye takwimu. Kwa wanaotaka kuhesabu mikoko kwa hekta, haya ndiyo yanayoharibu namba.

Mbegu ya mkoko hudungwa kwenye tope kama theluthi ya urefu wake, hatua ya mita 1 kwa 1, ambayo ni 10,000 kwa hekta. Watu huripoti mbegu 10,000 na kuandika hekta 1. Wangojee. Kila aina ya mikoko na mahali pake: mlilana mbele baharini, mkoko nyuma yake, kisha mkandaa, mchu nyuma kabisa panapokauka, ingawa mchu utaukuta mbele pia. Makosa ya kawaida ni kudunga mkoko kwenye uwanda wa mbele wa mchanga kwa sababu ni mweupe, hauna miti na unafikika kwa mashua. Hauna miti kwa sababu mawimbi na mchanga haviruhusu. Mche unafukiwa au unang'olewa, au magamba ya bahari yanashika shina hadi linalala. Hesabu miche hai baada ya mwaka 1 na tena baada ya 3, kwenye viwanja vya mita 10 kwa 10, angalau 5 vilivyotawanywa, si pale penye kupendeza kupigia picha. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 kwa nafasi hiyo kilianza na miche 100, basi miche hai unayoihesabu ndiyo asilimia yenyewe.

Na michu mifupi ya nyuma kwenye chumvi, isiyofika mita 5 hata ikae miaka mingapi, usiihesabu msitu. Iko fungu la ardhi nyingine yenye miti.

Shela_Kaskazi
Nimekubali hoja ya setilaiti. Sasa lengo la serikali la kupanda miche bilioni 15 hadi 2032, litauinua mstari wa Kenya kiasi gani?

MaalimHesabu
Geuza miche kuwa hekta uone ukubwa wake. Nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 ni miche 1,600 kwa hekta. Bilioni 15 gawa 1,600 ni hekta milioni 9.4, asilimia 16 na kitu ya nchi kavu, zaidi ya mara 60 ya misitu yote ya kupandwa ya Kenya ya 2020. Kwa nafasi ya 3 kwa 3, miche 1,111 kwa hekta, inakuwa milioni 13.5.

Lakini lengo lile linahesabu pia miti ya matunda, ya mashambani, ya mipakani na ya nyanda kavu, na shabaha yake ni asilimia 30 ya MITI, si ya msitu wa kupandwa. Kwa hiyo hata likitimia lote, safu yako ya misitu ya kupandwa inaweza kusogea kidogo tu. Usiliweke kwenye mchoro huu. Na idadi ya miche iliyotoka kitaluni si idadi ya miti. Mvinje uliopelekwa shamba bila udongo wa chini ya mivinje ya zamani kuchanganywa kitaluni hukosa vinundu vya mizizi, unadumaa njano, mbuzi anamalizia. Tena mvinje ukikatwa hauchipui vizuri, sharti upande upya. Mkaratusi unachipua kisikini, na machipukizi ya mti uliopandwa yanahesabiwa bado msitu wa kupandwa. Nchi ya mikaratusi na nchi ya misindano hazina gharama moja ya kuushikilia mstari mahali pake.

Raskazone
Ngomeni, ukitaka kuzoea mkono kabla ya kurudi kwa Kenya na Tanzania, chukua Japani na Vietnam. Japani ina karibu hekta milioni 10 za kupandwa, miti ya sugi na hinoki, nyingi za miongo ya baada ya vita, na mstari wake tangu 1990 umelala. Vietnam ilikuwa chini ya milioni 1 mwaka 1990, ikapita milioni 4 kufikia 2020, migunga ya akasia ya miaka michache kwa chipsi za mbao. Ukuaji wa angalau asilimia 4.7 kwa mwaka kwa fomula ya Maalim. Kwa asilimia Vietnam kaacha mbali. Kwa hekta Japani bado ni zaidi ya mara mbili. Ukiweza kueleza mistari hiyo miwili bila kumtukana yeyote, uko tayari.

Ngomeni_Kusi
Ahsanteni sana. Nimefuta ule mchoro wa WhatsApp. Wangu utakuwa na toleo la 2020 peke yake, mafungu yote mawili pamoja, kwa hekta elfu. Chini yake jedwali dogo la asilimia ya nchi kavu na asilimia ya msitu, na noti mbili: kwamba eneo lililokatwa linahesabiwa, na kwamba minazi na mikorosho haimo, maana swali la kwanza mkutanoni litakuwa hilo. Limebaki moja. Mwenyekiti anataka mwaka 2005 uwepo, kwa sababu ndio mwaka wa Sheria ya Misitu. Toleo la 2020 halina 2005, la 2010 linayo.

MaalimHesabu
Usiichukue ya 2010. Utarudi pale pale ulipoanzia. Mistari ichorwe kutoka 2000 hadi 2010 moja kwa moja, na 2005 weka alama ya wima yenye maneno "Sheria ya Misitu", bila nukta ya hekta.

Ngomeni_Kusi
Na akisisitiza nukta?

MaalimHesabu
Mkadirie katikati ya 2000 na 2010, uitie duara tupu badala ya nukta iliyojaa, na uandike "makadirio" kando yake.